Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Matembezi ya Jamaa za Askari Huko Japani

(Maneno ya mazungumzo)



Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo ni nyepesi kutamka mgeni ajapo kwa siku mbili na zawadi mkononi. Lakini je, mgeni akija na ndege za vita, pamoja na mke wake na watoto wake, akakaa miaka mingi, mwenyeji atapona kwa njia gani? Swali hilo ndilo linalotazamwa katika mazungumzo haya, na mfano wake umetolewa katika mji mmoja wa Japani uitwao Iwakuni, ambako jamaa nyingi za askari wa Marekani hukaa.

Askari wengi wa Afrika ya Mashariki waliwajua Wajapani kwa njia moja tu, nayo ni vita. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipigana nao katika bonde la Kabaw huko Burma, katika matope, mvua na homa. Vita vilipokwisha, askari hao walirudi makwao bila kuiona Japani yenyewe, wala nyumba zake, wala watoto wake waendapo shule. Kwa hiyo yafaa kusikia jinsi watu waliokuwa adui wakubwa wanavyoishi ua kwa ua, na ni mambo gani madogo yanayowawezesha kuishi hivyo.

MJI NA KAMBI

Iwakuni uko upande wa kusini magharibi wa kisiwa kikubwa cha Honshu, kando ya bahari. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, uwanja wake wa ndege ulitumiwa na majeshi ya Uingereza na Australia, kisha na ya Marekani. Tangu mwaka 1962 umekuwa kituo cha ndege cha askari wa Marekani waitwao Marines, na jeshi la bahari la Japani hutumia uwanja huo huo. Mwaka 2018, baada ya kuletwa ndege zaidi kutoka Atsugi karibu na Tokyo, Wamarekani wa Iwakuni, yaani askari, watumishi, wake na watoto, walifikia wapata 10,000.

Ndani ya uzio wa kambi mna kila kitu. Mna shule za Kimarekani, zahanati, kanisa, duka kubwa na mahali pa kuonyeshea sinema. Bidhaa hununuliwa kwa dola, na lugha ni Kiingereza. Mwanamke aliyefuata mumewe huko aweza kukaa miaka mitatu, akahamishwa tena, na asijue neno moja la Kijapani ila la kusalimu. Hakuna sheria imkatazayo kufanya hivyo. Lakini atakuwa amekaa Japani bila kufika Japani.

NJE YA LANGO

Matembezi ya jamaa ya askari huanza kwa mambo madogo sana. La kwanza ni kuendesha motakaa. Wajapani huendesha upande wa kushoto, kama ilivyo katika Kenya, na Mmarekani aliyezoea kulia hana budi kujifunza upya na kufanya mtihani kabla ya kupewa ruhusa. Motakaa yake hubandikwa kibao cha namba chenye herufi Y, na kila Mjapani aionaye hujua kwamba mwenye motakaa hiyo ni mtu wa majeshi ya Marekani. Basi baba akimpisha mwanamke mzee barabarani, au akimpigia honi kwa hasira, tendo hilo halihesabiwi kuwa lake peke yake. Huhesabiwa kuwa la wageni wote.

La pili ni viatu. Mtu akiingia katika nyumba ya Mjapani, au katika hekalu, huvua viatu mlangoni na kuvipanga vizuri. Jambo hilo halitamshangaza mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, kwa maana huko pia mtu mwenye adabu hakanyagi mkeka wa mwenyeji kwa viatu vyake. Lakini watoto wa Marekani hawakuzoea hivyo, na mama zao hujifunza upesi kuwatafutia soksi zisizotoboka.

La tatu ni taka. Mapipa ya taka ni machache katika njia za Japani. Mengi yaliondolewa baada ya mwaka 1995, watu waovu walipotoa hewa ya sumu katika reli ya chini ya ardhi mjini Tokyo. Pamoja na hayo njia ni safi, maana kila mtu hubeba taka zake mpaka nyumbani. Jamaa ya kigeni itokayo matembezini hurudi na karatasi, maganda na chupa ndani ya mfuko wa mama.

La nne ni treni. Mistari imechorwa sakafuni kuonyesha mahali pa kusimama, na watu husimama safu wakingoja walio ndani washuke kwanza. Ndani ya behewa watu hunena kwa sauti ya chini, au hunyamaza kabisa. Mtoto akipiga kelele, hakuna amkemeaye, lakini mama huona haya, na haya hiyo ni mwalimu mwema.

DARAJA NA KISIWA

Matembezi yaliyo karibu zaidi ni kwenda kwenye Daraja la Kintai. Daraja hilo lina matao matano ya mbao juu ya mto Nishiki, na urefu wake wapata meta 193. Lilijengwa kwanza mwaka 1673, likachukuliwa na mafuriko mwaka uliofuata, likajengwa tena. La pili lilidumu mpaka mwaka 1950, dhoruba kubwa ilipolivunja. Wenyeji walilijenga tena kwa mbao kama la zamani, likamalizika mwaka 1953. Mwishoni mwa Machi na mwanzo wa Aprili miti ya mcheri ya ukingoni huchanua maua meupe yenye wekundu kidogo. Siku hizo watu hutandika mikeka chini ya miti, huvua viatu, hula na kuongea. Maua hayo hayadumu; baada ya siku chache upepo huyapukutisha. Jamaa za askari nao huleta mikeka yao na chakula chao, na mara nyingi jirani wa mkeka wa pili huwaonjesha watoto vitu ambavyo majina yake hawawezi kuyatamka.

Siku nyingine jamaa hupanda treni kwenda Miyajimaguchi, kisha feri kwa dakika kumi mpaka kisiwa cha Miyajima. Hapo pana hekalu la Itsukushima lililojengwa juu ya maji, na mbele yake lango kubwa jekundu lililosimama baharini. Lango lililopo lilijengwa mwaka 1875. Kimo chake ni meta 16 hivi, nalo halikuchimbiwa chini, bali husimama kwa uzito wake lenyewe. Maji yakijaa, lango huonekana kama linaelea. Yakipwa, watu huliendea kwa miguu. Kulungu hutembea huru kisiwani, na mtoto asipoangalia watamla ramani yake na tikiti yake ya kurudia.

Watoto hupenda pia kuitazama timu ya besiboli ya Hiroshima, iitwayo Carp, ambayo mashabiki wake huvaa nguo nyekundu. Besiboli ni mchezo wa Marekani, lakini Wajapani wameufanya wao, na hapo baba wa Kimarekani na mzee wa Kijapani hufahamiana bila mkalimani.

SAFARI ILIYO NGUMU

Lakini pana safari moja isiyo ya mchezo. Kutoka Iwakuni mpaka mji wa Hiroshima ni mwendo wa treni usiotimia saa nzima. Mji huo ndio uliotupiwa bomu la atomiki na ndege ya Marekani tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu wapata 140,000 walikuwa wamekufa.

Jamaa ishukapo stesheni hupanda tramu. Tramu za mji ule zilianza tena kwenda katika sehemu moja ya njia siku tatu tu baada ya bomu. Kisha hufika kwenye bustani ya amani na jumba la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 1955. Humo mna baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, iliyoungua na kupata kutu. Ilikuwa ya mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akiichezea asubuhi ile. Baba yake alimzika pamoja nayo nyuma ya nyumba, na baada ya miaka 40, alipoihamisha mifupa ya mwanawe kwenye kaburi la jamaa, aliitoa baiskeli ile ili watu waione.

Mbele ya kitu kama hicho mtoto wa askari huuliza swali ambalo baba yake hawezi kulikwepa: ni nani aliyelitupa bomu hilo? Baba aweza kueleza habari za vita, nani aliyevianzisha, na jinsi watu walivyokufa pande zote mbili; na maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo ni lazima aseme kwanza, "Ni watu wa nchi yetu." Wengine huona vigumu kwenda huko, na hawaendi. Waendao husimama kimya pamoja na watoto wa shule wa Kijapani, na hakuna awasukumaye wala kuwatukana. Tarehe 27 Mei 2016 Rais Obama alisema na askari katika kambi ya Iwakuni, kisha akaenda Hiroshima, akawa Rais wa kwanza wa Marekani kufika huko akiwa bado madarakani. Safari aliyoifanya kwa ndege siku ile, jamaa za askari wadogo walikuwa wameifanya kwa treni muda mrefu kabla yake.

MALALAMIKO YA MWENYEJI

Isidhaniwe kwamba mambo yote ni mema. Ndege za vita zina kelele, na wenyeji wa Iwakuni walilalamika miaka mingi, hata njia ya kurukia ndege ikahamishwa mwaka 2010 na kuwekwa juu ya ardhi iliyojazwa baharini. Mwaka 2006 wenyeji walipiga kura kuhusu ndege za Atsugi, na wengi mno walikataa. Lakini ndege zililetwa. Katika Okinawa malalamiko ni makubwa zaidi. Mwaka 1995 watu watatu wa majeshi ya Marekani walimteka msichana wa miaka 12 na kumtendea uovu, na makumi ya maelfu ya watu walikusanyika kupinga. Uovu wa watu watatu ulibomoa yaliyojengwa na maelfu.

Hapo ndipo thamani ya matembezi ya kila siku inapoonekana. Hayawezi kupunguza kelele ya ndege, wala kufuta uhalifu, wala kubadili mkataba wa serikali mbili. Lakini mwenyeji aliyeketi mkekani pamoja na jamaa ya kigeni hawezi tena kuwaona wageni wote kuwa ndege na bunduki tu. Na mtoto aliyeiona baiskeli ile hatakua akidhani kwamba vita ni hadithi ya mashujaa.

MWISHO

Mtu yeyote aishiye katika nchi isiyo yake, awe askari, karani, mwanafunzi au mfanya biashara, ana uzio wake: lugha yake, chakula chake, na watu wa kwao. Uzio huo humpa raha, na si vibaya kuwa nao. Lakini mwenyeji hataponywa na mgeni asiyetoka ndani. Mgeni na atoke, avue viatu mlangoni, abebe taka zake, asimame safu, na ayatazame makaburi ya mwenyeji bila kugeuza uso. Akifanya hivyo, hata siku atakapohamishwa, watakuwapo watu wachache katika mtaa ule watakaouliza amekwenda wapi.