Kibao cha "Mbwa mkali" hakisomwi na mtoto

Ndugu wasikilizaji, ukitembea Moshi mjini kutoka Shanty Town hadi Soweto, au ukipanda mlimani kuelekea Kibosho, Uru na Marangu, hutapita mageti mengi kabla ya kukuta kibao chenye maneno mawili: "Mbwa mkali". Mwizi akikisoma anafikiri mara mbili. Mgeni akikisoma anapiga hodi kutoka mbali. Lakini yupo mtu mmoja ambaye kibao hicho hakimsaidii hata kidogo, naye ni mtoto wa miaka mitatu au minne. Kwanza hajui kusoma. Pili, yeye haishi nje ya geti. Anaishi ndani, pamoja na huyo mkali.

Wiki hii ningependa tulizungumzie jambo hili, kwa sababu nyumba nyingi zimejitahidi kumtafuta mbwa mwenye nguvu na kasi, lakini chache zimejiuliza mbwa huyo atakaaje na watoto.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Wapo mbwa ambao wana hamu kubwa ya kazi kupita wenzao. Mfano ni wale mbwa wa Kijerumani ambao wengi wetu huwaita mbwa wa polisi. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha kuwaendeleza, na mbegu aliyoanza nayo ilikuwa ya mbwa wa wachungaji. Kazi ya mbwa wa namna hiyo ilikuwa kulizunguka kundi la kondoo kutwa nzima na kumrudisha kila anayetoroka. Kwa hiyo chochote kinachokimbia kinamwita. Si roho mbaya, ni kazi iliyomo katika damu yake. Wapo pia mbwa wetu wa kienyeji wenye moto kama huo, ambao wakiona kuku akiruka hawawezi kujizuia.

Sasa mtazame mtoto mdogo. Anakimbia bila mpango, anapiga kelele, anaanguka, anainuka. Mkononi ana kipande cha andazi. Akimwona mbwa anamkumbatia shingoni na kumtazama machoni, jambo ambalo kwa mbwa si salamu bali ni uchokozi. Hali kadhalika uso wa mtoto uko karibu sawa na mdomo wa mbwa, na ndiyo maana watoto wadogo wakiumwa, mara nyingi huumwa usoni na kichwani. Tena anayewauma mara nyingi si mbwa wa njiani asiyejulikana, bali ni mbwa wa nyumbani au wa jirani, yule ambaye sote tulikuwa tukisema, "Huyu haumi, amezoea."

Katika mila ya ufugaji wetu, mbwa hufungwa kwenye banda la mbao kutwa nzima, akafunguliwa usiku. Wapo wanaoamini kwamba ukimficha gizani, ukampiga na kumlisha pilipili, ndipo atakuwa mlinzi hodari. Ndugu wasikilizaji, mbwa wa namna hiyo si mlinzi. Ni mnyama mwenye hofu, na mwenye hofu hachagui wa kumuuma. Kutwa anaziona nyuso za watoto kupitia nyufa za banda, wengine wakimrushia mawe na kumchokoza kwa fimbo. Siku mnyororo utakapokatika, hana sababu ya kuwapenda. Tukumbuke pia kwamba nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.

Je, mbwa mwenye moto anaweza kufundishwa utulivu? Anaweza. Mfano hauko mbali. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa na kufundishwa hapo, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na baruti zaidi ya 100, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa mwaka 2022. Panya hao hawafundishwi kwa kiboko. Hufundishwa kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi: akifanya sawasawa anasikia mlio, kisha anapata tunu yake. Ikiwa panya anaweza kufundishwa kazi ya kuokoa maisha kwa ndizi, mbwa hawezi kushindwa kufundishwa kukaa kitako kwa dagaa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wataalamu wawili wa Marekani, Scott na Fuller, walichapisha mwaka 1965 matokeo ya utafiti wao wa miaka mingi juu ya tabia za mbwa. Walionyesha kwamba majuma ya mwanzo, kuanzia la tatu hadi kama la kumi na mbili, ndiyo majuma ambayo mbwa hujifunza nani ni wake na nani si wake. Kwa hiyo mbwa mtoto anayeletwa nyumbani akiwa na majuma manane asifichwe bandani. Awaone watoto, azisikie sauti zao, ashikwe masikio na miguu kwa upole na mtu mzima. Anapokula, mwongeze kipande kizuri zaidi katika bakuli lake, ili ajue kwamba mkono wa binadamu ukikaribia chakula chake haumnyang'anyi bali unamwongezea.

Mbwa aliyekwisha kukua naye hufundishika, ila kwa subira zaidi. Jambo la kwanza ni kumchosha kwa kazi halali. Mbwa aliyezaliwa kukimbia, ukimfunga kutwa nzima, anajaa kama debe la maji lisilo na pa kumwagikia. Mtembeze asubuhi kabla ya jua kali, mtembeze tena jioni. Mfichie dagaa chini ya migomba, umwache anuse na kutafuta. Akirudi, kichwa chake kimetulia.

Jambo la pili ni maneno machache yanayotumiwa na kila mtu wa nyumba hiyo: "Kaa", "Lala", "Acha" na "Mahali pako". Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtandikie gunia mahali pamoja, na kila akienda kulala juu yake apate tunu. Dakika tano, mara tatu kwa siku, zinatosha. Baba asiseme "Kaa" na mama akasema "Keti", maana mbwa hajui Kiswahili, anajua sauti.

Jambo la tatu ndilo la mtoto, na hapa haraka haina baraka. Mbwa awe na kamba, kamba iwe mkononi mwa mtu mzima mwenye nguvu za kumzuia. Mtoto akae mbali, hatua ishirini, ameketi na mtu mzima mwingine. Mbwa akimtazama mtoto kisha akageuka kukutazama wewe, mpe tunu. Fanya hivyo siku nyingi mpaka akimwona mtoto anageuka mwenyewe kukutafuta. Baadaye mtoto asimame, halafu atembee, na mwishowe akimbie na kucheza. Kila ukiongeza jambo moja, yale mengine yapunguze: mtoto akianza kukimbia, mrudishe mbali tena. Mbwa akivuta kamba, akikaza mwili na kukodoa macho, usimpige. Umeharakisha, rudi nyuma hatua moja.

Nasisitiza hapo kwenye kutompiga, hasa anaponguruma. Mngurumo ni kengele. Mbwa anasema, "Sijisikii vizuri, mwondoeni huyu." Anayempiga mbwa kwa kunguruma anaiondoa kengele na kuuacha moto. Kesho mbwa huyo atauma bila kunguruma, nasi tutasema ameuma ghafla. Mngurumo ukisikika, mwondoe mtoto kwa utulivu, kisha utafute sababu. Aidha mbwa ambaye amekwisha kumuuma mtu si wa kujaribiwa na watoto hata kwa kamba. Atengwe kwa ukuta au wigo wa kweli, na daktari wa mifugo aitwe, maana wakati mwingine sababu ni maumivu ya sikio au ya jino. Wenyeji wa mlimani tunajua kwamba masale huonyesha mpaka wa kihamba, na binadamu huyaheshimu. Mbwa hayaheshimu.

Mtoto naye afundishwe. Asimsogelee mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa, wala mwenye watoto. Wahenga walipotuonya tusimwamshe aliyelala, bila shaka mbwa naye yumo. Asimrushie mawe, mchezo ambao watu wazima tunauona na kuucheka. Mbwa asiyemjua akimjia, asikimbie. Asimame kama mgomba, mikono ameikunja kifuani, macho chini, mpaka mbwa aondoke. Akiangushwa, ajikunje kama mpira na kufunika shingo na masikio. Mafunzo haya yanaweza kuchezwa kama mchezo uani, na watoto huyapenda.

Hata hivyo mafunzo yote hayo hayaondoi kanuni moja: mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata kwa dakika ya kwenda kuchungulia chungu jikoni. Kumwangalia mtoto si kuwa katika nyumba moja naye. Wala si haki kumwachia kazi hiyo dada wa nyumbani mwenye sufuria mbili motoni, au kaka mwenye miaka saba. Kama hakuna mtu mzima mwenye nafasi, mbwa awe upande mmoja wa mlango na mtoto upande mwingine.

Ndugu wasikilizaji, hayo yanakuwa mazito zaidi ifikapo Desemba. Sote tunaijua safari ya kurudi nyumbani kwa Krismasi. Magari yanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na ndani yake wamo wajukuu ambao mbwa wa bibi hajawaona tangu mwaka jana, au hajawaona kamwe. Kwa mbwa hao ni wageni wanaovamia kihamba chake. Siku hiyo hiyo mbuzi anachinjwa, harufu ya damu na nyama imejaa uani, mifupa inatupwa huku na huku, na watoto wanaikanyaga. Bibi anasema, "Msimwogope, wajukuu zangu, huyu ni mpole." Na kwa bibi ni mpole kweli, maana bibi ndiye anayemlisha.

Mwenye nyumba basi ajiandae mapema. Mbwa atembezwe alfajiri, kisha awekwe mahali penye kivuli na maji, nyuma ya wigo, kabla gari la kwanza halijafika. Mifupa ikusanywe. Halafu kuna saa ya hatari ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni usiku. Mbwa hufunguliwa saa nne watu wakiingia kulala. Saa sita mtoto mgeni anaamka, anafungua mlango kwenda chooni, na choo kiko nje. Katika siku hizo za wageni, ama mbwa asifunguliwe, ama mtoto asitoke bila mtu mzima ambaye mbwa anamjua.

Na iwapo pamoja na yote hayo mtoto ataumwa, hata mkwaruzo mdogo, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe mafuta ya taa wala majivu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zikianzishwa zimalizwe zote kwa tarehe zilizoandikwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakina tiba, lakini kabla ya dalili kinazuilika. Hilo limejulikana tangu Louis Pasteur alipomdunga mtoto wa miaka tisa huko Ufaransa mwaka 1885, na mtoto akapona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne katika kumi ni watoto chini ya miaka 15. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira na kutupwa. Afungwe salama na daktari wa mifugo amchunguze kwa siku 10. Na mbwa wote wapate chanjo kila mwaka, wa kienyeji na wa kununua.

Najua wapo watakaouliza: je, mbwa akifundishwa utulivu, mwizi atamwogopa nani? Jibu lipo kwa mbwa wa polisi wenyewe. Mbwa hodari kwa mhalifu ndiye huyo huyo anayeketi akiambiwa aketi, na anayeachia akiambiwa aachie. Ukali usio na breki ni kama gari linaloteremka kutoka Marangu bila breki; halichagui la kugonga. Mbwa anayembwekea mgeni getini na kumpisha mtoto wa nyumba mlangoni ndiye mlinzi. Yule anayewatisha wote ni mzigo wa mwenye nyumba.

Kwa hiyo kibao kibaki getini, maana kinawafaa wanaojua kusoma. Huyu mdogo asiyejua kusoma ulinzi wake ni sisi, na ulinzi huo unaanza asubuhi, kwa kamba, gunia na konzi ya dagaa.