Safari ya Motokaa: Kutoka Mbuga za Kishapu Hadi Bahari ya Tanga

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome tena polepole baada ya matangazo, kisha wanafunzi wajibu maswali yaliyo mwishoni.)

Natumaini mmekwisha kaa, kila mtu ana daftari na penseli yake, na mwalimu wenu yupo karibu na ubao. Leo hatutasoma silabi. Leo tutasafiri. Tutaondoka hapa kwetu kwa motokaa, tutapita milimani, na mwisho tutafika Tanga tukaione Bahari ya Hindi. Lakini safari hiyo tutaifanya kwanza juu ya karatasi. Kabla somo halijaisha mtajua kwa nini nasema hivyo.

Labda mzee mmoja hapo nyuma anasema, "Mwalimu huyu ananitania, mimi sina motokaa." Ni kweli, baba, wengi wetu hatuna. Lakini pamba ikiisha kuuzwa, watu wa ukoo mmoja huweza kuchanga fedha, wakakodi gari moja, wakaenda mbali kwenye harusi au kumtazama ndugu yao. Na abiria naye anayo haki ya kujua njia atakayopitishwa. Anayekaa kiti cha nyuma ana roho moja tu, sawa na yule anayeshika usukani.

Basi tuanze. Andikeni katika daftari neno hili: LINI.

Safari ya milimani huanza kwa kuchagua majira. Huku kwetu mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba, ikaisha Aprili au Mei. Kule Tanga na katika milima ya Usambara, masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli huja Oktoba hadi Desemba. Ukizilinganisha nyakati hizo utaona kwamba Julai na Agosti ni miezi mizuri. Pamba imeuzwa, shamba limepumzika, na barabara za mlimani zimekauka. Lakini mlimani ni baridi wakati huo, kwa hiyo mtoto asisafiri bila sweta, wala bibi bila blanketi.

Msifikiri kwamba mvua ya mlimani ni jambo dogo. Huku kwetu mvua ikizidi, maji hutuama mbugani na gari hukwama katika udongo mweusi. Unashuka, unasukuma, unachafuka, unacheka. Mlimani maji hayatuami. Hushuka kwa nguvu, yakichukua mawe na miti. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia katika mji wa Katesh na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 wakafa. Barabara tutakayoipita leo inapita Katesh. Kwa hiyo, mvua kubwa ikinyesha, usione haya kulala njiani siku moja zaidi.

Sasa andikeni neno la pili: WAPI.

Njia mbili kubwa za lami za kwenda Tanga zinafuatana mpaka Singida. Kutoka Shinyanga tunapita Tinde, Nzega na Igunga, tunavuka bonde la Wembere, kisha tunapanda mlima Sekenke na kufika Singida. Hapo njia zinaachana. Ya kusini inakwenda Manyoni, Dodoma, Morogoro na Chalinze, halafu inapanda kaskazini hadi Segera. Ya kaskazini inakwenda Katesh, Babati, Arusha, Moshi, Same, Mombo na Korogwe, nayo inafika Segera hiyo hiyo. Kutoka Segera mnapita Muheza, mnaingia Tanga.

Mwaka 1969 wazee wetu walikusanyika mbele ya redio kama ninyi leo, wakasikiliza masomo yaliyoitwa "Kupanga ni Kuchagua". Maneno hayo yanatufaa hata sisi. Njia hizi mbili hazipishani sana kwa urefu. Mwenye jamaa Dodoma atachagua ya kusini, naye hatakosea. Sisi leo tutachagua ya kaskazini, nami nitawaambia sababu.

Katika njia ya kaskazini mlima unafuata mlima. Mtauona Hanang, wenye mita 3,417. Arusha mtauona Meru. Moshi mtauona Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ambao hakuna mwingine mrefu kuupita katika Afrika yote. Huo hupenda kujifunika mawingu mchana, kwa hiyo utazameni alfajiri au jioni. Kutoka Moshi, milima ya Upare na baadaye ya Usambara inakuwa mkono wenu wa kushoto. Mkono wa kulia kuna bonde la mto Pangani. Maji ya mto huo yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita Korogwe, na yanaingia baharini katika mji wa Pangani. Yaani mtu akifuata njia hii anasafiri pamoja na maji, kutoka mlimani hadi baharini. Kwa mtu wa nchi kavu kama yetu, hilo ni jambo la kutazamwa kwa macho.

Neno la tatu: KIASI GANI.

Mwalimu, andika ubaoni. Hesabu hizi ni za kukadiria. Shinyanga hadi Singida, kilomita 300. Singida hadi Arusha, 340. Arusha hadi Moshi, 80. Moshi hadi Mombo, 210. Mombo hadi Lushoto, huko juu mlimani, 33. Kurudi Mombo, 33 tena. Mombo hadi Segera, 60. Segera hadi Tanga, 70. Jumlisheni. Mkipata 1,126, mmepata.

Sasa saa. Wengine husema, "Gari langu linakimbia kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo nitafika kwa saa kumi na moja." Huyo hajahesabu. Penye makazi ya watu sheria inataka usizidi kilomita 50 kwa saa. Kuna malori, kuna ng'ombe wanaovuka, kuna watoto wanaohitaji kushuka. Tuseme gari litakwenda kilomita 60 kwa saa. Gawanyeni 300 kwa 60. Jibu ni saa 5. Basi siku ya kwanza tunalala Singida, nasi tumepanda Sekenke mchana. Siku ya pili, Singida hadi Moshi ni kilomita 420, saa 7 za mwendo, kwa hiyo tuondoke mapema. Siku ya tatu, Moshi hadi Lushoto ni kilomita 243, saa 4 na kidogo. Tutafika Mombo jua likiwa juu, kwa maana mlima haupandwi usiku na dereva mgeni. Siku ya nne ni ya kupumzika Lushoto. Siku ya tano tunateremka kwenda Tanga.

Na petroli? Gari dogo likitumia lita 1 kwa kilomita 10, kilomita 1,126 zinataka karibu lita 113. Ongezeni kidogo, kwa sababu kupanda mlima kunakula mafuta. Zidisheni kwa bei ya siku mtakayoondoka. Tena msisahau kwamba mtarudi. Wengi hupanga safari ya kwenda tu, na ya kurudi wakaiacha mikononi mwa Mungu.

Neno la nne ndilo kubwa kuliko yote: MLIMA.

Sisi watu wa Kishapu ni watu wa tambarare. Dereva wetu anaweza kuendesha miaka kumi bila kukutana na mteremko wa kumtisha. Akifika Mombo anaanza kupanda. Barabara inajipinda kama nyoka, ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili. Anapita Soni, penye maporomoko ya maji, anafika Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kupanda si kazi kubwa. Atumie gia nzito, yaani namba mbili au moja, atazame mshale wa joto la injini, apige honi kwenye kona, abaki upande wake wa kushoto. Injini ikichemka, asimame mahali pa wazi angoje. Asifungue kifuniko cha rejeta wakati wa moto, maji yatamuunguza uso.

Hatari kubwa iko katika kushuka. Mtu akikanyaga breki mfululizo, breki zinapata moto, na breki zenye moto hazishiki. Kanuni ni hii, iandikeni: gia ambayo ungeipandia mlima, ndiyo ya kuushukia. Uingize kabla hujaanza kushuka, si katikati. Injini italizuia gari, na breki utaigusa kidogo kidogo tu. Wala usizime injini, wala usiache gari bila gia, jambo ambalo madereva huita nyutro, ati kwa kuokoa petroli.

Ndugu zangu, neno hilo la mwisho sikulipata kitabuni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa narudi kutoka pwani pamoja na mama yangu, katika gari la kukodi. Mama alikuwa ameiona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alionja maji yake, akayatema, akacheka kutwa. Safari nzima ilikuwa njema. Milima ya mbali tuliipita kwa hofu na adabu. Tukafika Sekenke jioni. Mkumbuke kwamba wakati wa kwenda Sekenke unapandwa, wakati wa kurudi unashukwa. Tulikuwa tumechoka, tena tulijiona tumekwisha fika nyumbani. Dereva akaweka nyutro.

Gari likaanza kukimbia. Akakanyaga breki, likapungua kidogo, likakimbia tena. Tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha nikaona mguu wake unazama mpaka chini na gari halina habari. Mbele yetu palikuwa na lori, na kando palikuwa na bonde. Alipigana na gia mpaka namba mbili ikaingia kwa kishindo, akalielekeza gari kwenye ukingo wa mlima, likajikwaruza ubavu mzima, likasimama. Hakuumia mtu. Mama alishuka, akakaa juu ya jiwe, akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Tumetoka salama baharini, kumbe tulikuja kufia mlangoni?"

Tulipokuwa tunangoja breki zipoe nilimwuliza dereva kama alikiona kibao kule juu. Kiliandikwa kwa Kiswahili kwamba mteremko ni mkali, tumia gia nzito. Alitazama chini. Akasema, "Nilikiona, mwalimu. Sikujua kinasema nini." Alikuwa amejifunza udereva kwa kumtazama mwenzake, na kusoma hakujifunza kwa mtu yeyote. Ni mtu mwema na hodari. Maneno manne au matano yalikuwepo pale yamsaidie, naye akayapita.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza kusoma kuna faida gani kwa mtu mzima, simwambii habari za ofisi wala za barua. Namweleza habari za kibao cha Sekenke.

Sasa mmejua kwa nini nilisema tusafiri kwanza juu ya karatasi. Aliyeandika "Sekenke, kurudi, gia nzito" katika daftari lake nyumbani, hataisahau Sekenke akiwa amechoka. Na abiria aliyeiandika anaweza kumwambia dereva kwa upole, "Kaka, mbele kuna mteremko, tupumzike kwanza." Simu siku hizi nazo zinaonyesha njia, nazo zinafaa. Lakini simu huishiwa chaji, na mlimani mtandao hukatika. Daftari halizimiki.

Nanyi mtakapofika Tanga, nendeni ufukoni asubuhi, kisha mrudi baada ya mchana. Mtaona maji yaliyokuwa karibu yamekwenda mbali, au yaliyokuwa mbali yamekuja karibu. Watu wa pwani husema maji yamekupwa, au yamejaa. Msiwaache watoto wacheze mbali wakati maji yamekupwa, kwa maana yatarudi. Mkiwa na siku ya ziada, tazameni mapango ya Amboni, karibu na mji, au nendeni Pangani, karibu kilomita 50 kusini, mwone mahali mto mliosafiri nao unapoingia baharini.

Kisha fungueni daftari, msome ukurasa wa kurudi.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini Julai na Agosti ni miezi mizuri ya safari hii?
2. Gari linatumia lita 1 kwa kilomita 10. Kurudi Shinyanga bila kupanda Lushoto ni kilomita 1,060. Zitahitajika lita ngapi?
3. Andika kwa maneno yako kanuni ya kushuka mlima.
4. Kila mwanafunzi aandike kibao kimoja alichokiona barabarani wiki hii, na maana yake. Asiyekumbuka hata kimoja akitafute kabla ya somo lijalo.

Kwaherini, na safari njema.