Kompyuta Haziji na Watu Wake: Vijana Wetu na Kazi ya Afisa TEHAMA

(Maneno yaliyotolewa kwenye hafla ya kuchangia mfuko wa elimu wa chama chetu)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, wana-Masasi na wana-Newala wote mliofika.    

Kamati imeniomba niseme kuhusu kazi moja ambayo vijana wetu wengi wanaisomea na wachache wanaipata: kazi ya Afisa TEHAMA Daraja la II, yaani ngazi ya kuanzia kwa mwenye shahada ya kompyuta anayeajiriwa serikalini. Mtauliza kwa nini wamemwita mhasibu. Jibu ni rahisi. Siku hizi mhasibu wa umma hawezi kulipa hata bili ya maji ya ofisi kama kijana huyo hayupo. Mimi naijua kazi yake kwa kuihitaji kila siku.

Tuanze na fedha, kwa sababu huko ndiko nilikozoea. Zamani mwananchi alilipa ushuru akapewa stakabadhi ya kitabu. Kitabu kikipotea, fedha nazo zilipotea. Leo mwananchi anapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wote tunaiita kontrol namba. Inatoka kwenye mfumo wa GePG ulioanza mwaka 2017. Zahanati na shule zinaandika mapato na matumizi yake kwenye FFARS, ambao nao ulianza mwaka 2017. Halmashauri inalipa kupitia MUSE. Zabuni zinatangazwa kwenye NeST tangu mwaka 2023. Leseni za biashara na ushuru viko kwenye TAUSI. Mtumishi akitaka likizo au uhamisho, anaombea kwenye mfumo. Ukihesabu vizuri, halmashauri moja inaendeshwa na mifumo zaidi ya kumi, na nyuma ya mifumo yote hiyo, kule wilayani, kuna kitengo kidogo cha TEHAMA chenye watu wachache sana.

Sasa tuje nyumbani. Ninyi mnajua korosho ndiyo inayotusomesha. Mkulima anapeleka mzigo kwenye AMCOS, unakwenda ghala kuu kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, halafu chama kikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala, kinaupeleka mnadani. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada wenyewe unafanyika kwa kompyuta kupitia TMX. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya mkulima benki. Hata salfa ya ruzuku anaipata kwa kuwa amesajiliwa kwenye kanzidata ya wakulima. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, au jina la benki likitofautiana na jina la AMCOS, mzee wako atakaa kijijini na korosho zimeshauzwa, anasubiri fedha. Wangapi hapa wamepigiwa simu ya namna hiyo? Nyoosheni mikono. Naona mikono ni mingi.

Kwa hiyo nikisema kazi ya TEHAMA, sizungumzii mambo ya mjini peke yake. Nazungumzia fedha ya mkulima wa Kitangari na wa Lukuledi.

Kijana huyo anafanya nini hasa? Nina mpwa wangu aliyeajiriwa katika halmashauri moja ya mikoa ya Kusini. Nilimwomba anieleze siku yake moja tangu asubuhi. Alisema: "Mjomba, saa moja na nusu nakuta watu watatu mlangoni. Mmoja amesahau nywila, mmoja printa yake imegoma, wa tatu ni mkusanya ushuru, mashine yake ya POS haitumi taarifa. Saa nne kuna kikao na Dodoma kwa njia ya video, sauti haisikiki, wakubwa wote wananitazama mimi. Mchana natakiwa niweke tangazo kwenye tovuti. Jioni mganga wa zahanati anapiga simu, FFARS imemkatalia." Nikamwuliza, "Na ile programu uliyosomea kuandika chuoni, unaiandika saa ngapi?" Akacheka. "Mjomba, mifumo ni ya TAMISEMI, Hazina na e-GA. Mimi siruhusiwi kugusa hata mstari mmoja. Kazi yangu ni kuhakikisha watu wanaweza kuitumia."

Hapo kuna jambo la kuwaambia vijana mapema, kwa sababu wengi wanavunjika moyo mwaka wa kwanza. Afisa TEHAMA wa ngazi ya kuanzia si mtengenezaji wa mifumo. Ni fundi, ni mwalimu, ni mtunza orodha ya vifaa, ni mtu wa kuweka nakala rudufu, ni mpokea lawama. Tatizo likiwa kubwa analiandika vizuri na kulipeleka juu, kisha analifuatilia mpaka lijibiwe. Anayejua kueleza tatizo kwa maandishi yanayoeleweka ana thamani kuliko anayejua lugha tano za kompyuta. Na anayejua kumwelekeza mtumishi wa miaka 57 bila kumdharau, huyo atadumu kazini.

Mshahara wa kuanzia si wa kutajirika, tusidanganyane. Lakini una mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, na nafasi ya kwenda kusoma zaidi baada ya kuthibitishwa, yaani baada ya muda wa majaribio wa miezi 12. Kwa familia ambayo kipato chake kinategemea msimu mmoja wa korosho, mshahara unaoingia kila mwezi ni nguzo ya nyumba.

Wazee wangu, niruhusuni niseme historia kidogo, maana inahusu uhasibu na inahusu tulichokuja kuchangia leo. Kompyuta ya kwanza nchini kwetu ilifungwa mwaka 1965, na iliwekwa Wizara ya Fedha. Kazi ya kompyuta katika nchi hii ilianza na mahesabu. Miaka iliyofuata, jaribio la kuingiza hesabu za Serikali kwenye kompyuta lilikwama. Wataalamu walikuwa wageni, Watanzania wenye ujuzi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, fedha zilitumika na hesabu hazikukaa sawa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na katazo hilo lilituchelewesha miaka mingi. Mashine zilikuwepo. Watu wa kuziendesha na kuzitunza ndio waliokosekana.

Nalisema hili kwa sababu kosa hilo laweza kurudiwa na chama chochote cha maendeleo kwa kiwango kidogo. Tunachangishana, tunanunua kompyuta ishirini, tunapiga picha na mkuu wa shule, tunarudi Dar. Baada ya miaka miwili chumba kimefungwa kwa kufuli, vumbi la uwanda limejaa ndani, betri za UPS zimekufa, na hakuna anayekumbuka nywila. Umeme wetu wa Lindi na Mtwara kwa miaka mingi ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara, na kila mtu hapa anajua maana ya kukatika. Mkumbuke pia Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika pale Somanga. Siku chache baadaye nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikakatika, mtandao ukasuasua nchi nzima. Mwezi mmoja, barabara na mtandao vyote. Mahali kama petu panahitaji mtu anayejua kazi iendelee vipi wakati mtandao haupo.

Basi kwa nini vijana wetu hawazipati nafasi hizi, wakati vyuo vimewapa vyeti? Nimekaa na wahitimu kadhaa wa kwetu, na nimeona vikwazo vitatu ambavyo chama hiki kinaweza kuviondoa.

Cha kwanza ni majina. Maombi yote ya kazi hupita kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na mfumo unataka namba ya NIDA. Sasa sisi watu wa huku tunajua desturi zetu. Mtoto analelewa na mjomba, anaandikishwa darasa la kwanza kwa jina la mjomba. Cheti cha kuzaliwa kinakuja baadaye kwa jina la baba. Kitambulisho cha Taifa kinabeba jina la tatu, la babu. Kijana ana shahada nzuri, lakini vyeti vyake vinaonyesha watu watatu. Hilo hurekebishwa kwa kiapo cha kisheria na kufuatilia RITA na NIDA. Linataka muda na fedha kidogo, na linatakiwa lifanyike kabla ya tangazo la kazi kutoka. Likisubiriwa mpaka wiki ya usaili, limeshachelewa.

Cha pili ni nauli. Usaili wa kada hii huwa na mchujo wa maandishi, mara nyingi usaili wa vitendo, halafu mahojiano. Kila hatua inaweza kuwa na siku yake na mahali pake. Kijana wa Mkunya au Chiungutwa akiitwa Dodoma, anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na chakula. Akifaulu hatua ya kwanza, gharama inaanza upya. Wapo wanaofaulu mchujo na kukata tamaa njiani kwa sababu nyumbani hakuna cha kuuza mpaka Oktoba.

Cha tatu ni mikono. Usaili wa vitendo haukuulizi maana ya mtandao. Unaweza kupewa waya na kuambiwa uunganishe, au kompyuta isiyowaka na kuambiwa uiwashe. Kijana aliyesoma nadharia miaka mitatu kwa kushirikiana kompyuta moja na wenzake watano atatetemeka. Anahitaji mafunzo kwa vitendo ya kweli wakati wa likizo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza fedha za jioni hii zigawanywe hivi. Katika kila shilingi 100, shilingi 40 ziende kwenye vifaa vya chumba cha kompyuta tulichokubaliana. Shilingi 30 zitunze chumba hicho kwa miaka mitatu: intaneti, betri, vipuri, na posho ya kijana mhitimu wa hapo hapo atakayekitunza huku akijijengea uzoefu. Shilingi 20 ziwe za nauli na malazi ya usaili, kwa utaratibu wa kukopeshwa: ukiajiriwa unarudisha kwa miezi 12 ili mwenzako naye aende. Shilingi 10 zilizobaki zigharamie marekebisho ya majina na vyeti, tukianza na wanafunzi wa kidato cha nne, kabla makosa hayajagandia kwenye vyeti vya Baraza la Mitihani.

Zaidi ya fedha, naomba vitu viwili ambavyo havina bei. Ninyi mnaoishi Dodoma, fungueni milango. Godoro moja sebuleni kwa usiku mbili linaweza kuwa ajira ya mtu. Na ninyi mlioko kwenye ofisi zenye mifumo, pokeeni vijana wetu wa mafunzo kwa vitendo kwa kufuata taratibu za ofisi zenu, muwape kazi ya mikono. Msiwafanye watu wa kununua vocha na kuchemsha chai.

Kwenu vijana: msichague wilaya. Nafasi ikitoka Kakonko, nenda. Ikitoka Nanyumbu, nenda. Mtu aliyejifunza kazi mahali ambapo umeme unakatika na mtandao unasuasua anajua mengi kuliko aliyeanzia kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Na mabinti, hiki si kitengo cha wanaume. Ndwika na Masasi Wasichana wana wanafunzi wa hisabati wa kutosha kujaza vitengo vyetu vyote.

Namalizia kama mhasibu. Kila Juni 30 tunafunga vitabu, na kila kitu lazima kionekane kimekwenda wapi. Naomba na mchango wa leo ufungwe hivyo hivyo. Katika jarida la mwakani, kamati ichapishe kiasi kilichopatikana, kompyuta ngapi zinawaka, vijana wangapi walikwenda kwenye usaili, wangapi walipata, na nani amesharudisha nauli. Namba hizo zikiwa nzuri tutachanga tena bila kuombwa. Zikiwa mbaya, tutajua pa kurekebisha.

Bahasha ziko mezani, na kwa wale wa simu, namba ya chama imeandikwa ukurasa wa nyuma. Mkulima wetu anasubiri fedha yake ifike salama. Tumpatie mtoto wake ujuzi wa kuilinda njia hiyo.