Ushabiki wa Mpira wa Vyuo Vikuu vya Marekani na Mzigo wa Gharama Zake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili waishio Columbus, Ohio)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine baadhi ya wazee wataliona dogo, nalo ni gharama za kushabikia timu ya mpira ya chuo kikuu. Mpira wenyewe si kandanda tuliyoizoea sisi tuliotoka Tanga, Mombasa au Bukavu, bali ni ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono. Lakini mtu anayeishi katika mji huu hana njia ya kuukwepa. Jumamosi za majira ya vuli barabara za kuelekea uwanjani hujaa, watu huvaa nyekundu na kijivu, na kijana wetu aliyeandikishwa chuoni muhula wa kwanza tu huanza kusema "timu yetu". Naye husema kweli, kwani ada ya chuo hicho inatoka mfukoni mwa wazazi wake. Basi jambo linaloingia nyumbani mwetu kwa mlango wa elimu yapasa tulijue vizuri.

Hatukuja hapa kuwakataza watu mchezo. Vijana kukutana, kupiga kelele pamoja na kurudi nyumbani wakiwa wamechangamka si jambo baya. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba bei ya ushabiki huu haipandi kama inavyopanda bei ya sukari. Sukari ikipanda, mtu hununua kidogo au huenda duka la pili. Mshabiki wa Ohio State hawezi kuhamia Michigan kwa sababu tiketi za kule zimeshuka bei. Heri abaki bila tiketi. Wanaopanga bei wanaijua tabia hiyo, na hesabu zao zimejengwa juu yake.

Tuanze na uwanja wenyewe ambao wengi wetu tunaupita tukienda kazini. Uwanja wa Ohio ulifunguliwa Oktoba 1922, na zaidi ya dola milioni 1 za kuujenga zilitokana na ahadi na michango ya watu wa kawaida na wafanyabiashara wa jimbo hili. Wakati huo ulichukua watazamaji wapatao 66,000. Leo nafasi zake zinapita 102,000. Waliochanga walijenga kitu ambacho hata asiyechanga aliweza kununua tiketi na kuingia. Huo ndio uliokuwa maana ya mchango.

Katika vyuo vikubwa vya leo neno hilo hilo "mchango" limepewa kazi nyingine. Anayetaka tiketi za msimu mzima mahali pazuri huambiwa kwanza atoe mchango kwa idara ya michezo ya chuo, na mchango huo humpa ruhusa tu ya kununua tiketi. Tiketi zenyewe atazilipia mbali. Anayetoa zaidi husogezwa karibu na katikati ya uwanja, na akipunguza mwaka unaofuata, kiti alichokalia miaka 20 hupewa mwingine. Sisi tunaona kwamba kitu hicho ni kilemba kilichovishwa jina la hisani. Mtu akitoa sadaka hapewi kiti.

Kwa muda mrefu hata serikali iliushiriki mchezo huo wa maneno. Kwa sheria ya mwaka 1988 Bunge la Marekani liliruhusu asilimia 80 ya mchango wa namna hii ihesabiwe kuwa sadaka katika kukokotoa kodi ya mapato. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akitozwa asilimia 25, akitoa dola 1,000, aliweza kuokoa dola 200 za kodi yake. Ruhusa hiyo ilifutwa na sheria ya kodi iliyopitishwa Desemba 2017. Mtu angetazamia kwamba vyuo vingeiacha desturi hiyo au vingepunguza viwango, lakini havikuiacha. Mshabiki aliendelea kutoa, ila sasa anazitoa zote 1,000 mwenyewe.

Huenda mtu akauliza: Je, fedha zote hizi za televisheni tunazozisikia zinakwenda wapi, hata mwenye kiti akamuliwe? Swali hili ni la haki. Mwaka 1984 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hakina haki ya kuhodhi mauzo ya matangazo ya mechi. Tangu hapo vyuo na ligi zao viliuza vyenyewe, na kiasi kikazidi kukua. Mwaka 2022 ligi ya Big Ten, ambamo Ohio State imo, ilifunga mkataba wa miaka 7 na vituo vitatu vya televisheni ulioripotiwa kuzidi dola bilioni 7. Mwaka 2024 ESPN ilikubali kulipa dola bilioni 7.8 kwa miaka 6 ya mechi za mtoano wa ubingwa wa taifa. Sehemu kubwa ya fedha hizi iliingia katika mashindano ya kupandishiana: viwanja vya mazoezi, majengo, na mishahara ya makocha. Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake Jimbo Fisher, na kwa mujibu wa mkataba kikawajibika kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Tafadhali tulifikirie neno hilo: ili asifundishe.

Na fedha za televisheni nazo hutoka kwa mshabiki yule yule kwa mlango wa nyuma. Huduma ya YouTube TV ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi; Januari 2025 ikafika dola 82.99. Hata aliyelipa hiyo alikosa mechi za ESPN kwa wiki mbili, kuanzia mwisho wa Oktoba 2025 katikati ya msimu, kwa sababu kampuni mbili kubwa zilikuwa zikigombania malipo.

Televisheni ndiyo iliyobadili hata ramani. Mechi ya kwanza ya vyuo katika nchi hii ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 huko New Brunswick, New Jersey, kati ya Rutgers na Princeton, vyuo jirani, mbele ya watu wapatao 100. Mwaka 2024 Rutgers hiyo hiyo ilicheza mechi ya ligi na UCLA, iliyotoka Los Angeles, karibu kilomita 4,000, kwa kuwa vyuo vinne vya pwani ya magharibi viliingizwa katika Big Ten mwaka huo ili soko la matangazo lipanuke. (Jina la ligi hiyo maana yake ni Kumi Kubwa, nayo sasa ina vyuo 18. Mwenye kuhesabu na ahesabu.) Zamani jamaa wanne walijipakia katika gari moja Jumamosi alfajiri wakarudi usiku. Sasa timu yao ikicheza ugenini upande wa pili wa bara, ni ndege na hoteli, au kubaki nyumbani.

Tutoe mfano wa hapa hapa mjini kwetu. Mwaka 2024 mtoano wa ubingwa ulipanuliwa kutoka timu 4 hadi 12, na wengi walishangilia. Ohio State ilicheza na Tennessee hapa Columbus tarehe 21 Desemba 2024. Ikashinda, ikaenda Pasadena, California, kucheza na Oregon tarehe 1 Januari 2025. Ikashinda, ikaenda Arlington, Texas, kucheza na Texas tarehe 10 Januari. Ikashinda tena, ikaenda Atlanta kucheza fainali na Notre Dame tarehe 20 Januari, na ikawa bingwa kwa 34 kwa 23. Timu moja, siku 31, mechi nne, na tatu kati ya hizo ni safari: ya kwanza zaidi ya kilomita 3,000, ya pili karibu 1,500, ya tatu kama 700 kwa njia ya anga. Na mshabiki hakuweza kukata tiketi ya ndege mapema kwa bei nafuu, kwa kuwa hakujua kama timu yake itavuka. Kila ushindi ulimletea furaha na ankara kwa pamoja. Hatujui mchezo mwingine wa wanafunzi unaomtaka mtu awe na akiba ya namna hiyo baada tu ya sikukuu za mwisho wa mwaka.

Sasa tuje kwenye jambo linalozungumzwa zaidi siku hizi, na linalosemwa vibaya, nalo ni malipo ya wachezaji. Kwa miaka mingi mchezaji wa chuo aliitwa wa ridhaa. Alipewa ufadhili wa masomo, chakula na malazi, na alikatazwa kuchukua hata malipo ya kutumia jina lake mwenyewe, huku jezi yenye namba yake ikiuzwa dukani na kocha wake akilipwa mamilioni. Juni 2021 Mahakama Kuu kabisa, majaji wote 9 kwa sauti moja, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na tarehe 1 Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kunufaika na majina na picha zao. Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha mapatano ambayo kwayo wachezaji wa tangu mwaka 2016 watalipwa takriban dola bilioni 2.8 kwa miaka 10, na kila chuo kikaruhusiwa kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo wa 2025/26.

Sisi tunasema wazi kwamba ujira huo ni haki yao. Mwenye kutoka jasho alipwe. Lakini angalieni namna deni hili linavyopelekwa kwa mshabiki. Septemba 2024 Chuo Kikuu cha Tennessee kiliwatangazia wenye tiketi za msimu kwamba kwa mwaka 2025 bei itapanda kwa wastani wa asilimia 4.5, na juu yake kutakuwa na ada ya asilimia 10 iliyoitwa ada ya vipaji, kwa ajili ya malipo ya wachezaji. Yaani tiketi ya dola 100 inakuwa karibu dola 115. Ilhali hatujapata kuona ada iliyoitwa ada ya kumfukuza kocha. Gharama za ubadhirifu hufichwa ndani ya bei ya kawaida. Ujira wa kijana anayevunjika mbavu ndio huandikwa waziwazi kwenye risiti, ili mshabiki ajue wa kumlaumu. Hilo si haki, na vijana wetu wasilikubali kwa urahisi.

Na je, watu wa Tennessee waliondoka? Miezi mitatu baadaye, katika baridi kali ya Desemba, walikuja Columbus kwa wingi na mavazi yao ya rangi ya chungwa, wakajaza sehemu za uwanja ambazo si zao, wakafungwa 42 kwa 17, wakarudi kwao.

Huenda mwingine akasema: Hii ni biashara, asiyetaka asinunue. Tungemkubalia kama wenye duka wangekuwa wafanyabiashara. Lakini Ohio State, Michigan na Tennessee ni vyuo vya umma. Husamehewa kodi kwa sababu kazi yao ni elimu. Isitoshe, katika vyuo vingi visivyo na televisheni ya kuvilipa mabilioni, ada ya michezo huongezwa kwenye ada ya kila mwanafunzi, hata yule asiyejua mpira unaingia lango gani. Mzazi anayepokea ankara ya chuo na aisome mstari kwa mstari, aulize.

Tumebakiwa na mambo ya nyumbani, nayo ni machache. Kijana anapoomba fedha ya mechi, kitajwacho huwa tiketi tu. Zihesabiwe pia maegesho ya gari, ambayo siku ya mechi kubwa bei yake hustaajabisha, chakula cha uwanjani, jezi, na safari. Kisha itajwe jumla ya msimu mzima, si ya Jumamosi moja, maana Jumamosi moja haijapata kumfilisi mtu. Wengine hulipa kwa kadi ya mkopo, na deni lisipomalizwa kwa wakati huongezewa riba, ambayo wasikilizaji wetu hawahitaji kuelezwa hukumu yake. Na israfu haingoji mtu awe tajiri ndipo impate.

Vijana pia wajue kwamba redio bado hutangaza mechi zote za timu yao bila malipo, na watangazaji wake ni hodari. Wazee watakaoketi na watoto wao kuisikiliza watashangaa jinsi watakavyoelewa upesi.

Jambo la mwisho ni kuhusu wale wanaokaribia kuhitimu. Mwanafunzi kwa kawaida huuziwa tiketi kwa bei ya chini kuliko mtu wa nje, na nafuu hiyo huisha siku anapovua joho. Barua ya kumwomba mchango na kumkaribisha katika orodha ya tiketi za msimu humfikia mapema, pengine kabla hajaanza kulipa deni la masomo yake. Itakuwa na picha ya uwanja ukiwa umejaa, na itaandikwa kwa maneno mazuri juu ya familia na nyumbani. Tunawaomba msiijibu siku hiyo hiyo. Iwekeni mezani pamoja na karatasi ya deni la masomo, mzisome zote mbili na wazazi wenu, ndipo mwandike jibu.