Bunduki ya Mauser na Fundi Wake



Tumeombwa tuseme juu ya bunduki ya kuwindia iitwayo Mauser. Wengi wetu twalijua gobore. Hushindiliwa kwa mdomo, na mwindaji akikosa, mnyama hamngoji ashindilie tena. Basi yafaa tujue jinsi fundi mmoja wa Ujerumani alivyoiondoa hatari hiyo.

Peter Paul Mauser alizaliwa mwaka 1838 katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha bunduki cha mfalme wa Württemberg, na Paul alikuwa kitinda mimba katika watoto 13. Hakurithi mali, alirithi kazi. Yeye na kaka yake Wilhelm waligawana: Paul alishika tupa, Wilhelm akatafuta wanunuzi. Bunduki yao iliyokubaliwa na serikali ya Ujerumani ni ile ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti ya moshi. Hiyo ilifika hata Afrika Mashariki. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani walikuwa nayo bado, na moshi wake ukawaonyesha adui mahali walipojificha.

Wilhelm alifariki mwaka 1882, lakini Paul hakuridhika na kazi yake. Alitengeneza na kutengeneza tena, hata mwaka 1898 akapata komeo lililomletea sifa duniani.

Komeo hilo ni kama la mlango: lasukumwa mbele, kisha lageuzwa likafunga. Mbele lina meno mawili ya kushika chuma, na nyuma jino la tatu la akiba. Kisanduku chake huchukua risasi 5. Ukucha mrefu huidaka risasi itokapo kisandukuni, wala hauiachi mpaka ganda limetupwa nje. Kwa hiyo risasi haikwami upesi, hata mkono ukitetemeka mbele ya nyati. Tena ganda likipasuka, matundu mawili huutoa moto kando, na ukingo wa nyuma huukinga uso wa mpigaji.

Hapa pana neno la kuangalia. Mwaka 1901 Mauser alikuwa akijaribu bunduki ya namna nyingine, ijijazayo yenyewe, nayo ikamng'oa jicho moja. Aliyekinga nyuso za wengine aliumia usoni mwake. Hata hivyo aliendelea na kazi. Alifariki Mei 1914.

Wawindaji nao waliipenda. Walter Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja katika Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7. Watu walidhani ni nguvu ya bunduki. Kumbe alijua bongo la tembo liko wapi. Chuma hakimfundishi mtu kulenga, wala hakimwambii atosheke.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikizuia kiwanda kufanya silaha za vita, kikageukia bunduki za kuwindia na mashine za kuhesabia. Mwaka 1945 Wafaransa walikiteka, kikavunjwa. Jina halikufa: leo bunduki za Mauser hutengenezwa Isny, na komeo la 1898 laigwa na mafundi wengi.

Basi mwenye bunduki na asafishe komeo lake, asitie risasi isiyo ya bunduki hiyo, wala asimwelekezee mtu mtutu. Fundi alimaliza sehemu yake. Iliyobaki ni yetu.