Ngozi ya Samaki na Kidonda cha Moto

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Chome)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya elimu ya sayansi. Nitasema juu ya ngozi ya samaki.

Sisi wa Chome twaijua baridi. Jioni moto huwashwa jikoni, watoto wakauzunguka. Ndiyo maana wengi wetu tumemwona mtoto aliyeunguzwa na uji au maji ya moto. Ngozi ikishatoka, maji ya mwili hupotea na vijidudu huingia. Kidonda chahitaji kifuniko.

Huko Iceland, katika mji wa Ísafjörður, kampuni ya Kerecis hutengeneza kifuniko hicho kwa ngozi ya samaki wa bahari baridi aitwaye kodi. Msishtuke, si ile tunayowadai ofisini! Ngozi ya ng'ombe au nguruwe hulazimu kusafishwa kwa dawa kali, kwa kuhofia virusi vinavyoweza kumwambukiza binadamu. Kwa samaki huyu wa maji baridi hofu hiyo haipo. Kwa hiyo ngozi yake husafishwa kwa upole, ikabaki na nyuzi zake na mafuta yake. Nyuzi hizo zina vitundu vidogo. Chembe hai za mgonjwa huingia humo na kujenga ngozi mpya. Marekani iliruhusu dawa hiyo mwaka 2013.

Nchini Brazil, katika mji wa Fortaleza, madaktari wametibu majeraha ya moto kwa ngozi ya sato iliyosafishwa katika maabara. Hubandikwa ikakaa siku kadhaa, na mgonjwa akaepushwa na maumivu ya kubadilishiwa bandeji kila mara. Sato asili yake ni Afrika. Ni ndugu wa perege wanaovuliwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huko chini ya milima yetu. Samaki ni wa kwetu, lakini waliojiuliza swali juu ya ngozi yake ni wengine.

Nawasihi jambo moja: ngozi mbichi ya sokoni si dawa. Ina vijidudu, nayo itamwongezea mgonjwa madhara. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msimpake majivu, mafuta wala dawa ya meno. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi, kisha mpelekeni hospitali.  Msichelewe.

Vijana, biolojia na kemia mnazosoma hapa ndizo zilizotumika Iceland na Brazil. Tazameni vitu vinavyotupwa hapa kwetu, mwulize vina nini ndani yake.