Mlowezi na Uasi: Mombasa, Oman na Maana ya Uhuru

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma kwa mara ya kwanza kwamba mwaka 1776 wakoloni wa Amerika ya Kaskazini waliuasi utawala wa Uingereza huweza kudhani kuwa sentensi imekosewa. Katika Kiswahili cha leo mkoloni ndiye mtawala. Yeye ndiye anayeasiwa. Historia ya karne ya ishirini imelifunga neno hilo upande mmoja, na si ajabu. Lakini kwa kufungwa huko, swali moja kubwa limekosa lugha ya kuulizwa: kwa nini watu waliotumwa ng'ambo, au waliohamia huko chini ya bendera ya kwao, hufika siku wakaikataa bendera ile ile?

Kiswahili kinalo neno linalofaa zaidi, nalo ni mlowezi. Asili yake ni kitenzi kulowea, yaani kuhamia mahali pasipo kwenu na kukaa huko hata pakawa kwenu. Nchini Kenya neno hili lilikuja kubandikwa wazungu wa mashamba makubwa, likachukua uchungu wa ardhi iliyoporwa. Maana yake ya awali, hata hivyo, ni pana, na ndani yake mna nusu ya jibu. Aliyelowea hawi tena mtu wa kule alikotoka, ingawa kule bado hudai utii wake.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa fasihi ya Kiswahili ni Mombasa ya Mazrui. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno mwezi Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Baadaye maimamu wa ukoo wa Yaarubi walimweka liwali wa ukoo wa Mazrui, Muhammad bin Uthman, awatawalie mji. Katika miaka ya 1740 ukoo wa Yaarubi ukaanguka, na Ahmad bin Said wa Busaidi akashika uimamu. Liwali wa Mombasa alikataa kumtambua. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ahadi yake ilikuwa kwa nyumba iliyoanguka, na aliyeiangusha hakuwa na haki juu ya Mombasa kuliko yeye mwenyewe. Watu wa Ahmad walimuua Muhammad ndani ya ngome, lakini nduguye Ali akatoroka, akaungwa mkono na wenyeji, akairudisha ngome. Tangu hapo Mazrui walitawala kwa jina lao, kwa takriban miaka tisini.

Yafaa kuzizingatia pepo. Chombo kilitoka Oman kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Amri na jibu lake viliweza kuchukua mwaka mzima. Ni rahisi kusema, basi, kwamba umbali ndio uliozaa uasi. Rahisi, lakini si sahihi. Umbali ulikuwapo tangu 1698. Liwali aliyeachwa peke yake hujifunza kuamua peke yake: humwozesha mwanawe mjini, husuluhisha Miji Tisa na Miji Mitatu, hufanya mapatano na Wamijikenda wa bara, hutafuta nafaka Pemba. Uasi huja pale mkono wa mbali, uliozoea kukaa mbali, unapojaribu ghafla kuwa karibu.

Hayo yalidhihirika chini ya Seyyid Said bin Sultan. Husimuliwa kwamba Abdallah bin Ahmad Mazrui, alipoushika uliwali katika miaka ya 1810, badala ya zawadi ya desturi alimpelekea Said deraya, baruti na risasi kidogo, pamoja na kibaba cha kupimia nafaka. Kama ndivyo, basi haukuwa ujumbe wa kubembeleza. Anayetaka kupima mavuno ya Mombasa na aje mwenyewe, na avae deraya.

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa lugha. Mtetezi mashuhuri wa Mombasa dhidi ya Said hakuwa jemadari bali mshairi, Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, na ambaye tungo zake zimesalia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor. Nyumba yenye nasaba ya Oman ilitetewa kwa Kimvita. Kulowea kulikuwa kumekamilika: kabla ya kukata kodi, mlowezi alikuwa amebadili lugha ya kiburi chake.

Ingekuwa kupamba historia, hata hivyo, kusema kwamba mwambao wote uliichukia enzi ya mbali. Watu wa Lamu, baada ya kuyashinda majeshi ya Mombasa na Pate huko Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810, walimwita Said awalinde. Kwao jirani mwenye nguvu alitisha kuliko bwana aliye ng'ambo. Mazrui nao, walipobanwa, waliomba ulinzi wa Uingereza. Februari 1824 nahodha William Owen aliwakubalia, na bendera ya Kiingereza ikapepea Mombasa hadi 1826, serikali ya London ilipoyakana mapatano yale. Walichokitafuta, yamkini, kilikuwa bwana asiyeingilia.

Makoloni kumi na matatu ya Amerika yanafanana na Mombasa katika jambo hili. Kwa muda mrefu London iliyaachia mabaraza yao yajipangie kodi. Vita vilivyokwisha 1763 viliiachia Uingereza deni kubwa, na mwaka 1765 Bunge, ambamo makoloni hayakuwa na mjumbe hata mmoja, likatoza ushuru wa stempu. Kiwango cha ushuru hakikuwa kiini cha ugomvi. Kiini kilikuwa nani mwenye haki ya kutoza.

Hapa neno uhuru lenyewe linadai kuchunguzwa. Kabla ya kuwa kaulimbiu ya mataifa, lilihusu hali ya mtu. Kumwandikia mtu huru kulikuwa kumtoa utumwani. Mazrui waliopigania enzi yao walikuwa na watumwa. Wengi wa waliotia saini Tangazo la 1776 walikuwa nao pia. Mlowezi anapodai uhuru hudai asiwe chini ya mtu, bila kuahidi kwamba hapatakuwa na mtu chini yake. Walowezi wa Rhodesia walilionesha jambo hili bila haya tarehe 11 Novemba 1965, walipojitangazia uhuru kutoka London ili Waafrika walio wengi wasiupate wao.

Said aliitwaa Mombasa mwaka 1837, akisaidiwa na mifarakano ya Mazrui wenyewe juu ya urithi, na wakuu wao wakahamishiwa Bandar Abbas. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akilowea Unguja. Alipofariki mwaka 1856, mwanawe Majid wa Unguja alikubali kumlipa nduguye Thuwaini wa Maskati riale 40,000 kwa mwaka, kisha akaacha. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa India ya Kiingereza, aliamua kwamba Unguja itengane na Oman na kwamba riale zile ziendelee kulipwa. Uasi ambao Said aliuzima Mombasa ukafaulu katika nyumba yake, kwa kalamu ya mgeni.

Mazrui waliobaki walikaa Gazi na Takaungu. Mwaka 1895 kampuni ya Kiingereza ilijitwalia kuamua nani arithi uliwali wa Takaungu, na vita vikazuka. Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia msituni kupigana na taifa lile lile ambalo jamaa zake walikuwa wameiomba bendera yake mwaka 1824. Aprili 1896 alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani.